Odero Apange Foleni Kama Sisi

Ogwedhi, Jumapili

Kwako Boke, mke wa mwanangu,

Pokea salamu za mama yako. Mimi huku bado napumua. Goti tu ndilo linanisumbua asubuhi, lakini nikikanyaga kanyaga linanyamaza. Wewe je, unakula? Kifua cha Auma mdogo kimepona ama bado anakohoa? Mpake mafuta mgongoni umfunike, na usimwache acheze na maji ya ziwa jioni. Otieno mwambie namsalimu, lakini hii barua usimpe kwanza. Soma wewe. Ndiyo maana sikupiga simu, simu ni yake, na vile ulilia siku ile halafu ukakata, nilijua kuna mtu ameingia.

Nilisikia yote, mwanangu. Ati Odero amekunyima hata hao samaki wadogo wa omena. Ati karai yako itajaa siku utapita kwake nyumbani kwanza. Ati ulirudi na karai tupu na wanawake wenzako wakaangalia chini.

Wewe ni Mkuria, huko kwenu ni ng'ombe na mahindi, kwa hivyo hakuna mtu alikueleza vizuri. Mwanaume wa namna hiyo tunamwita jaboya. Yeye ana samaki, wewe una watoto wenye njaa, na pesa uliyoshika haimtoshi mpaka uongeze mwili. Mdogo wangu Auma, yule tuliyempa binti yako jina lake, aliongeza. Mume alikuwa amekufa, watoto wanalia. Odero akampa samaki, akampa na ugonjwa. Dawa ilikuwa inapeanwa bure pale kliniki, lakini Auma aliona aibu kukaa benchi moja na mke wa Odero. Akafa na aibu yake. Na Odero alikuja matanga, Boke. Alikaa viti vya mbele. Alikula, halafu akaitisha nyama ingine. Hiyo sahani yake bado naiona.

Baadaye ule mradi wa wafadhili wa ng'ambo ukatuletea boti sisi wanawake wa Rusinga, ndio tusiombe samaki kwa mtu tena. Mimi ndiye nilikuwa mwenyekiti. Wageni wakaja, na mama mmoja mrefu mwenye kofia akauliza kupitia mkalimani, "Boti ni ya nani?" Tukapiga kelele sote, "Yetu!" Tukapigwa picha. Hakuna mtu aliuliza nani atashika injini. Unajua kwetu mwanamke haingii boti ya uvuvi, wanasema samaki watakimbia. Basi tukaweka wanaume, na wanaume wakamweka Odero. Boti yetu, injini mkononi mwake! Samaki akawa anawagawa kule kule majini, kabla hajafika bichi, kwa yule anayemtaka. Nilipoinuka kwenye mkutano nikasema, wazee wakaniambia natukana bichi nzima. Kutoka hapo hakuna mtu alikubali kuniuzia hata mkia. Ndiyo hiyo ilinileta Ogwedhi, nikawa nachukua omena ya Karungu nauzia watu wa ng'ombe.

Sasa sikia, maana hii ndiyo imenifanya nishike kalamu.

Siku ya soko iliyopita niliona pikapu imesimama, na anayeshuka ni nani? Odero! Amevaa koti. Kumbe omena imejaa sana huko Rusinga, bei imeanguka, naye amesikia huku wanunuzi wako. Dereva akashusha magunia chini akaenda zake. Lakini Ogwedhi mwanaume haketi na gorogoro kupimia watu omena. Hiyo kazi ni ya akina mama. Lazima atuuzie sisi.

Akaniona. "Aa! Mama Otieno! Kumbe ulikimbilia huku? Na umenona!"

Nikamwambia, "Ni hewa ya mahali hakuna wewe."

Mama Robi, ambaye meza yake iko karibu na yangu, alicheka mpaka gorogoro ikamwanguka. Yeye na wenzake wote nilikuwa nimewaambia habari za Auma zamani. Kwa hivyo nilisimama nikasema tu, "Ndiye huyu." Basi. Mmoja akafunika beseni yake, wa pili akafunika, mpaka mwisho wa laini.

"Mama, omena ni safi. Onja," akasema.

"Naona ni safi. Lakini hapa tuna masharti."

"Sema bei."

"Kwani kule kwetu ilikuwa bei? Waambie hawa akina mama yale maneno ulimwambia Auma ndio apate samaki. Sema kwa sauti. Ukisema, tutanunua yote."

Akaangalia huku, akaangalia huku. "Hayo ni mambo ya zamani, mama."

"Na mke wa Otieno juzi, naye ni wa zamani?"

Mama Robi akamwita, "Baba, sema basi! Ama ulimi nao umekauka kama omena?"

Akainama kukaza kamba za magunia. Wingu likawa linakuja kutoka upande wa Narok, jeusi, na kila mtu akaanza kufunika vitu vyake. Odero akanijia mbio, ile sura yake ya kiburi imeisha. "Mama Otieno, tafadhali, niazime turubai."

Turubai nilikuwa nimeikalia. Nikamwangalia macho kwa macho nikamwambia, "Pita kwangu nyumbani kwanza."

Wee! Soko lilipasuka. Hata wachungaji wa ng'ombe ambao hawakuelewa walicheka. Mvua ikanyesha yote, magunia yakanywa maji, na mimi nikaketi nikitazama. Sikuondoa jicho. Mwishowe omena yote alimpa mtu wa chakula cha kuku, na huyo naye alikuwa anaziba pua.

Mzee wetu wa kanisa alisikia, akaniita Sabato akaniambia niombe niweze kusamehe. Nimeomba. Nimeomba mvua ingine.

Lakini kunyeshewa ni siku moja tu, na mimi siku moja hainitoshi. Umeniambia kikundi chenu kinaletewa boti mpya, na wanaume wameanza kutaja jina lake tena, ati yeye peke yake ndiye anajua hiyo injini. Nakuomba kwa magoti yangu mawili, hata hilo baya, usikubali. Na usimweke Otieno. Nimemzaa, nampenda, lakini mwanaume akishika samaki sura inabadilika, na sitaki wanawake walie kwa sababu ya mwanangu. Otieno akufundishe, halafu ushike wewe. Wewe si mtu wa ziwa, hakuna nyanya yako aliyekuambia samaki wanakimbia mwanamke. Wakikuuliza, sema kwenu mwiko huo haupo. Na wageni wakija, kabla ya hizo picha, waambie waulize nani atashika injini. Wewe ndiye ujibu.

Usifikiri siogopi. Wimbi la Rusinga nalijua. Vaa jaketi la kuelea hata wakikucheka. Usiende peke yako, na upepo ukibadilika rudi, wacha nyavu zipotee. Tena nenda hospitali ya Mbita upimwe saratani ya shingo ya kizazi. Sisi huku tulipimwa ndani ya hema la wauguzi, niko salama. Haiumi, ni aibu kidogo, na aibu ndiyo ilimwua Auma.

Nisalimie shemeji yangu mshona nyavu, na mama mkwe wangu, mwambie dawa yake ya macho nimeipata. Mbusu Auma mdogo. Mke wa Odero pia msalimie, yeye sina neno naye. Karai yake ijazwe kama za wengine.

Na Odero mwenyewe, siku atakuja na karai kutafuta samaki kwenye boti yako, usimnyime. Muuzie kwa pesa, bei ya kila mtu. Lakini apange foleni, nyuma ya wasichana, jua limpige mpaka afikiwe. Nitumie habari mapema, nataka kuwa hapo. Nitakuja na turubai yangu, niikalie.

Ni mimi mama yako ninayekuwaza,
Mama Otieno