Bima ya Aliyekwisha Kusamehewa

Kamukuzi, Mbarara
4 Februari 2025

Baba mpendwa,

Natumaini huko kambini Kashojwa mmeamka salama, na magoti ya Mama yametulia. Mimi ni mzima, isipokuwa usingizi umepungua kwa sababu yako. Naandika kwa kuwa ulisema kwenye simu nakufokea.

Fomu ya bima ya teksi yako nimeipata kwa mkono wa jirani yako Gad. Swali linasema: "Je, leseni yako imewahi kusimamishwa?" Umejibu: "Hapana." Baba, juu ya fomu hiyohiyo umebana barua ya polisi ya kukurudishia leseni. Mtu hurudishiwa kitu ambacho hakikuchukuliwa?

Mimi ni karani mgeni katika kampuni hii ya bima. Bwana Onesphore, mkuu wetu, akiona uongo umepita mezani kwangu, nitarudi kulima maharage nawe. Nimeambatanisha fomu nyingine. Jaza ukweli.

Binti yako,
Orpa

Kashojwa
9 Februari

Mwanangu Orpa,

Salamu mingi. Siye tuko, Mungu anatulinda. Mama yako anauliza kama unakula vizuri.

Ile hapana si uongo. Unajua nilimugonga Aloys nikirudisha gari nyuma pale sokoni, na permi yangu ikachukuliwa. Lakini kisha tulipatanishwa kanisani, tukala ugali mu sahani moja, na mchungaji akasema mbele ya watu bote: neno hili limezikwa, mtu asilitaje tena. Sasa wewe unataka nilifukue kwa kalamu? Aloys akisikia, atasema sikupatana naye kwa roho.

Fomu ninairudisha vilevile. Pasipo bima siwezi kugusa gari, na gari ndiyo chakula chetu. Basi fanya haraka.

Baba yako,
Laurent

Kamukuzi
11 Februari

Baba,

Amani kwako na kwa nyumba nzima. Mwambie Mama ninakula. Kulala ndiko kunakonishinda.

Mungu amekusamehe, Aloys amekusamehe, nami nashukuru. Lakini kampuni haiulizi kama ulisamehewa. Inauliza kama ilitokea. Ukificha, siku ukigonga mtu mwingine watakataa kumlipa, na stika yao itakuwa pambo tu la kioo.

Fomu nimeificha chini ya mafaili. Bwana Onesphore akipita, naongeza faili jingine juu. Jana aliuliza mteja ninayempigia simu ni nani. Nikasema, "Mzee mmoja wa kambini." Ndiyo, Baba, umenifikisha pa kukukana.

Nimekuwekea fomu nyingine tupu. Nenda kwa Aloys ukamuulize mwenyewe. Sitaandika tena mpaka uende.

Binti yako,
Orpa

Kashojwa
2 Machi

Mwanangu,

Kimya changu kisikuogopeshe, siye wazima. Ni miguu iliyokuwa mizito. Nilimukuta Aloys anamenya mihogo mbele ya mlango. Nilipotaja bima, alicheka mpaka kisu kikaanguka.

"Laurent, mimi ninachechemea kila siku. Unafikiri nilisahau?"

Nikamwambia neno lilizikwa.

"Neno lilizikwa. Mguu uko fasi yake, haukuzikwa," akasema. "Ungekuwa na bima siku ile, ningetibiwa Mbarara na mguu ungenyooka. Mimi nilikusamehe kwa sababu ninakujua. Huyu utakayemugonga kesho hakujui. Andika."

Nimeandika Ndiyo, kwa mkono wangu. Aloys amekaa hapa pembeni. Anasema herufi zangu zinachechemea kuliko yeye.

Baba yako,
Laurent

Kamukuzi
5 Machi

Baba mpendwa,

Nawasalimu wote, na Aloys kabla ya wengine. Jana nimelala usiku mzima.

Nilimpelekea Bwana Onesphore fomu mwenyewe, nikamwambia yule mzee wa kambini ni baba yangu. Aliisoma polepole.

"Nilijua," akasema. "Hakuna mteja mwingine unayemfokea vile kwenye simu." Kisha akaihamishia meza ya mwenzangu, kama inavyotakiwa mteja akiwa ndugu, na huko ikapita.

Stika inakuja na Gad. Ibandike kabla hujawasha gari. Abiria wa kwanza awe Aloys, na asilipe. Ila ukitaka kurudi nyuma, Baba, tafadhali usimtume yeye ashuke akuongoze.

Binti yako,
Orpa