Majibu Yaliyopigwa Mnada

Jumapili jioni, Februari. Bariadi.

Mvua imekata tangu wiki iliyopita. Pamba imesimama pale pale ilipofika, haikui wala haifi, yanayonawiri ni magugu tu. Leo jua lilikuwa kali mpaka mabati ya kanisa yakawa yanalia juu ya kichwa cha Mchungaji. Nimerudi, nimevua kitenge cha kanisani, nimekaa nje na simu. Sijapika. Wa nyumbani wameniuliza kama naumwa, nikasema kichwa.

Si kichwa.

Holo, binti yangu, ndiye aliyenifungulia ukurasa huu. Huwa ananiambia, mama, andika mambo ya kuwatia watu moyo, kila mtu ana shida zake. Leo nitamwangusha. Leo naandika nikiwa na hasira, na nimeshamwambia Mungu kabla sijawaambia nyie.

Kwa aliyefika hapa leo: nilimaliza kidato cha nne zamani, nikaambulia D tatu. Kiswahili, Historia na Uraia. Siku za kliniki najitolea zahanati ya hapa kwetu, napima watoto uzito, najaza kadi zao. Wifi yangu Kabula, mdogo wake mume wangu, naye anajitolea pale, na yeye ana D zake tatu kama mimi. Nesi alitukalisha chini akatuambia kuna kozi ya afya ya jamii inakuja, na anayetaka kwenda awe na masomo manne aliyofaulu, Biolojia ikiwemo. Nikamuuliza, na sisi tusio nayo? Akasema wenye kozi wakirudi, wengine mtapumzika.

Alisema "mtapumzika" huku anaangalia mzani.

Basi tukaamua kurudia, mimi na wifi, kama watahiniwa wa kujitegemea. Somo moja tu. Tukaenda stendi kwa kijana anayepanga vitabu vilivyotumika juu ya turubai, tukanunua kitabu cha maswali na majibu ya Biolojia. Kimoja, tukachangia. Kufika nyumbani tukajiuliza, sasa nani akae nacho? Tukafanya kama tunavyofanya siku zote na doti ya kanga. Tukalaza kitabu mezani, tukapima unene kwa macho, wifi akashika, mimi nikakata mgongo kwa kisu cha jikoni. Nusu yako, nusu yangu, mwisho wa mwezi tunabadilishana.

Wifi akachagua kwanza. Huku kwetu dada wa mume akikaa, wewe unapakua. Akachukua nusu ya nyuma. Mimi nikabaki na ya mbele yenye jalada, lina picha ya moyo na mishipa yake myekundu na ya bluu, nikaona nimepata nusu nzuri.

Usiku ule ule tuligundua tulichokifanya. Mbele kulikuwa na mihtasari ya kila mada, na chini ya kila muhtasari maswali. Majibu yote yalikuwa nyuma. Tulicheka mpaka mume wangu akauliza kuna nini. Mimi nina maswali yote, wifi ana majibu yote, na hakuna mwenye kitabu.

Mwisho wa mwezi wifi alisema bado hajamaliza. Mwezi uliofuata nikamkumbusha, akanishika mkono kwa upendo kabisa akasema nikiyaona majibu nitazembea.

"Nakulinda, wifi," akasema.

Nikashukuru. Jamani, nilishukuru.

Ikawa kila Jumapili mchana anakuja na kipande chake. Mimi wiki nzima nimeshashinda na kamusi. Kitabu kizima ni Kiingereza, na Kiingereza chetu ni kile cha kusalimia mwalimu. Natafuta neno moja moja, naliandika pembeni kwa kalamu ya risasi, mpaka swali linafunguka. Wifi akija namfungulia na yeye, kwa Kisukuma, kwa sababu Kiswahili chenyewe kwenye mambo ya ndani ya mwili kilikuwa kinatuchanganya. Mzunguko wa damu nilimfundisha kwa ng'ombe. Nikamwambia, wanatoka zizini kwa mlango huu kwenda malishoni, wanarudi kwa mlango mwingine, na pale mlangoni kuna miti imewekwa ili wasigeuke nyuma. Miti ile ndiyo vali. Wifi akajipiga mapaja kwa kucheka. Akasema, bhebhe, wewe, ungekuwa mwalimu ungetumaliza.

Nikishaeleza, yeye anafungua kipande chake pembeni, anasoma jibu kwa midomo tu, hatoi sauti, halafu anafunga.

"Umepatia," ananiambia.

Ni hilo tu. Umepatia. Na mimi nalala nimefurahi wiki nzima kwa neno moja.

Siku ya mtihani swali la damu lilikuja. Nililiona nikatabasamu peke yangu. Nikashika kalamu, na hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini mwaka mzima. Nilikuwa najua damu inapotoka na inaporudi, najua vali, najua kwa nini mtoto mwenye upungufu wa damu anahema akipanda hata ngazi moja, maana nawaona kliniki. Lakini nilijua kwa Kisukuma. Kwa Kiingereza nilikuwa na neno la moyo na neno la damu, na katikati ya hayo mawili sikuwa na kitu cha kuyaunganisha. Nilikaa. Nilichora. Mbele yangu wifi alikuwa anafunua karatasi, anaandika, anafunua. Yale majibu alikuwa ameyameza yalivyo, na nukta zake.

Matokeo mnayajua. Wifi C. Mimi F.

Aliyesahihisha simlaumu. Atasahihisha vipi kilichobaki kichwani kwangu?

Na C ya wifi nilifurahia, naandika hili mbele za Mungu. Nilimpigia vigelegele uani kwake. Nilimwombea. Kilichonifanya niandike leo ni ibada ya leo.

Leo ilikuwa shukrani. Kanisani kwetu asiye na fedha analeta alicho nacho, na baada ya ibada vinapigwa mnada pale nje, kuku, mayai, maboga, karanga. Wifi akaomba nafasi ya kushuhudia. Akasimama amependeza, mkono mmoja ameuficha chini ya mtandio. Akasema alivyorudia masomo akiwa mtu mzima, alivyokuwa analima mchana na kusoma usiku. Watu wakawa wanaitikia amina. Mimi nilikuwa safu ya tatu, nimeshajiandaa kuinamisha kichwa kwa aibu akinitaja.

"Sikuwa na mwalimu," akasema. "Tulikuwa watatu tu. Mimi, kitabu na Bwana."

Kanisa likapiga makofi. Na mimi nikapiga. Mikono ilipiga yenyewe.

Halafu akatoa mkono chini ya mtandio. Alikuwa ameshika kile kipande, nusu yake, amekifunga utepe mweupe. Akasema anakirudisha kwa Mungu kama shukrani, kipigwe mnada, kikamsaidie mwingine.

Sikuambiwa. Sikuulizwa. Na alikuwa anajua kuwa nataka kujiandikisha tena.

Nje mnadishaji, mzee wa kanisa mwenye maneno mengi kuliko wote, alimaliza kuku wote kwanza. Alipofika kwenye kile kipande akakigeuzageuza, akafungua, akauliza mbona kinaanzia katikati. Wifi akamweleza kuwa ni majibu peke yake.

"Haya basi, majibu haya hapa," mzee akatangaza. "Maswali mtaleta wenyewe, kila nyumba ina ya kwake."

Watu wakaangua kicheko. Mama mmoja nyuma akauliza kama kuna jibu la mume anayerudi usiku na hasemi alikokuwa. Mzee akalamba kidole, akafunua.

"Ngoja nitazame kwenye vimelea," akasema.

Nilicheka na mimi. Ningekuwa nimekaa kimya wangeniangalia. Baba Sayi, mwenye mashine ya kusaga, akapandisha bei mara moja tu, akakichukua, kwa ajili ya binti yake aliye kidato cha tatu. Mimi nilikuwa nimeshika kuku wangu wa sadaka niliyechelewa kumkabidhi, anapiga mabawa. Nilitaka kusema kitu. Niseme nini, kwamba kitu cha Mungu ni changu? Mbele ya madhabahu unamshtaki wifi yako?

Nikamkabidhi kuku nikaondoka.

Nimekaa hapa tangu saa tisa najiuliza ni nini hasa kinachoniuma. Nilidhani ni yale majibu, kwamba sasa nitasomea nini. Nikichimba zaidi naona si hayo. Kinachouma ni ile hesabu ya watatu. Angesema wanne. Asingenitaja hata jina, angesema tu wanne, ningepiga makofi kwa moyo wangu wote na ningemwacha akitoe kipande chake mnadani na kipande changu juu yake.

Jua lilipopungua ukali wifi akaja. Mwadila, mayu, akanisalimia vizuri kama siku zote, akakaa kwenye kigoda. Akazunguka kidogo, akasifu mboga zangu za kando ya ukuta, akauliza habari za Holo. Halafu akalitoa lililomleta. Baba Sayi amemfuata nyumbani, anasema majibu matupu hayamsaidii mtoto, mtoto hajui ni majibu ya nini.

"Nikamwambia nusu nyingine iko kwako, imekaa tu," akasema wifi.

"Haijakaa. Naisoma."

"Unasoma tena?" Akaniangalia kwa huruma ya kweli, hiyo ndiyo iliyoniumiza. "Wifi, si matokeo yametoka?"

"Yametoka."

"Basi mpe mtoto. Mungu atakulipa."

Sijawahi kumkatalia wifi kitu tangu niolewe. Sufuria, kitenge, siku ya kulima kwake wakati kwangu magugu yamejaa, chochote. Leo mdomo ulifunguka kabla sijaufikiria.

"Ya kwako ulimpa Mungu bila kuniuliza," nikamwambia. "Ya kwangu nimeizuia mimi, na kwa Mungu nitajieleza mwenyewe."

Akasema kumbe hasira. Akasema tena, taratibu, kama anamwambia mgonjwa, kuwa yeye hakuniibia mtihani. Na ni kweli, hakuniibia. Akanyanyuka, akapitia kwa kaka yake kule nyuma, nikasikia wanaongea. Mume wangu alikuja baadaye akasimama mlangoni akauliza kama ni kweli nimemnyima dada yake karatasi. Nikasema ni kweli. Akasema karatasi, mama Holo, karatasi tu. Nikamwambia ndiyo, zile nilizoandika pembeni kwa kalamu ya risasi mwaka mzima wewe ukiwa umelala.

Amekwenda kufunga mbuzi.

Sasa naandika na dhamiri inanisuta kwa ajili ya yule binti wa Baba Sayi. Yeye hajamkosea mtu. Nimefikiria akija mwenyewe, na majibu yake mkononi, nitamtengea nafasi mezani, na kila swali nitamfungulia. Lakini aje yeye. Akitumwa wifi tena, atarudi mikono mitupu, na najua kabisa kuwa ninachofanya si cha mtu aliyeokoka.

Nimejaribu kumwombea wifi kabla sijaanza kuandika. Nimeomba afike salama chuoni, afaulu, apewe kazi pale zahanati. Maneno yote nimeyasema kwa utaratibu wake. Ilikuwa kama kumsomea mtu tangazo.

Labda wiki ijayo.

Kesho asubuhi nachukua bodaboda mpaka mjini, kwenye kituo cha mtihani, najiandikisha upya. Nyumbani nitasema nakwenda kuangalia dawa ya pamba. Wakijua watanionea huruma, na huruma ya leo imenitosha. Biolojia, somo moja. Mwaka jana kila nilipopiga magoti nilimwomba Mungu anipe kuelewa. Alinipa, simdai. Safari hii nitamwomba Kiingereza.