Chemchemi ya Mama Si Uwanja wa Mchezo Wenu

Mwamgongo,
Kigoma.
17 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Erasto,

Shikamoo yako nimeipokea, ingawa hujaileta tangu Pasaka. Hamjambo huko Arusha? Mkeo Scola mgongo umepoa? Sisi tunapumua. Mwezi ulikuwa mkubwa, wavuvi walilala tu, ndiyo kwanza dagaa wanaanza kuonekana. Mwanangu Leonia ameota meno ya mbele, na kila siku anauliza mjomba anakuja lini.

Salamu zimeisha, sasa kaa chini. Sikupigii simu kwa sababu nikianza kufoka unasema mtandao unakata. Karatasi haikati.

Mchezo wenu wa simu, huo mnaoutengeneza huko kazini kwako, umefika. Wanafunzi walishuka na boti kutoka mjini, na watalii nyuma yao, kila mtu macho kwenye simu. Nilielewa haraka: simu inajua umesimama wapi, ukifika penyewe inakuonyesha mnyama au mti, inakuuliza swali, unapata alama. Pale ufukweni sikatai, ni kitu kizuri. Watoto wamejifunza kwa nini tusivue kwa chandarua, hata jirani yetu Jeremia, ambaye chandarua chake unakijua, aliona aibu. Vijana nao wamepata kazi ya kuongoza wageni. Ungeishia hapo ningekuandikia kukusifu.

Lakini chemchemi, Erasto! Chemchemi ya mama! Nani alikutuma?

Hayo ndiyo maji ya kunywa ya nyumba zote za huku juu. Tangu enzi za bibi hapakanyagwi na viatu, hapapigwi kelele, na maji yanachotwa kwa kibuyu kimoja kinachokaa palepale. Ndiyo maana hata kiangazi hiki yanatoka maangavu. Wewe Krismasi ukakaa na mama jikoni, ukamwomba akusimulie habari za mahali pale, simu yako kando ya jiko. Alifurahi, maskini, akadhani mwanawe anataka kujua. Kumbe ulikuwa unachukua sauti uitie kwenye mchezo! Halafu ukapafanya mahali penye alama nyingi kuliko pote. Ulitegemea nini?

Jumamosi ya tarehe mbili tulipanda na mama kwenda kuchota. Tukakuta kundi zima limeingia majini na raba zao, chupa za plastiki zinaelea, kibuyu kimepasuka, wanasukumana kumkamata kipepeo ambaye hayupo. Na kila simu inaongea kwa sauti ya mama: karibu mwanangu, vua viatu. Simu zote zinasema vua viatu, na hakuna hata mmoja aliyevua!

Mama akawaambia kwa mdomo wake mwenyewe wavue. Binti mmoja akageuka, akacheka, akamwambia, "Bibi, unaongea kama yule wa kwenye simu."

Erasto, mama aligeuka akashuka na ndoo tupu. Mimi ndiye niliyewafukuza, na maneno niliyotumia nimeshayaungama kwa padri.

Sasa sikia yaliyofuata. Desturi unaijua: aliyechafua chemchemi anaisafisha mwenyewe kwa mikono yake, mbele ya wanawake wanaochota, na mpaka aje kufanya hivyo nyumba yake haichoti. Mke wa Martini alipofulia pale, mama ndiye aliyemsimamia bila huruma. Nikamwambia, mama, hawa ni wageni. Akasema aliyewaonyesha njia ni wa nyumba hii.

Majirani wameokota chupa, maji yametulia, wao wanachota. Wamembembeleza mpaka wamechoka. Mama hataki. Kila asubuhi anateremka ziwani kwa magoti yale yale yanayomuuma, anapandisha maji ambayo unajua yanaleta nini. Hataki nimchotee. Nachemsha, lakini siwezi kulinda kila kikombe. Juzi aliharisha siku nzima, jana akateremka tena. Akilala kitandani kwa ajili ya kipepeo wako wa kwenye simu, mimi na wewe hatutaelewana, Mungu anisamehe.

Kwa hiyo ondoa mahali pale kwenye mchezo, na sauti ya mama uitoe. Usiniletee habari za kikao na mabosi. Mnafundishaje watu kutunza mazingira huku mnawapeleka kuyakanyaga? Wala usitume hela ya tangi la maji. Hakuna aliyekuomba tangi. Njoo wewe.

Tena jambo moja linaniuma kuliko yote. Jana jioni Leonia alimwomba bibi yake hadithi. Mama akaitazama simu yangu mezani, akaniambia niitoe nje. Nikaitoa. Niliporudi nilimkuta anamfunika mtoto, amelala bila hadithi.

Msalimie sana Scola, yeye hana kosa. Mjomba Feliksi anakusalimu, na Elikana, atakayekuletea barua hii, mpe chakula asafiri vizuri. Mungu akulete salama, na uje na viatu vya kuvua upesi.

Mama hakunipa salamu zako. Ila amekausha kibuyu kipya, amekitundika juu ya mlango. Nilipotaka kukishusha alinizuia. Alisema ni cha siku utakayokuja.

Dada yako anayekupenda hata leo nikiwa na hasira hizi,
Restituta