Mwanangu Anataka Niyakane Mashuka

Basi kipaza sauti nikakishika mwenyewe, mpendwa mshauri, hakuna aliyenisukuma, naanzia hapo kwa sababu hapo ndipo penye kesi, na naomba unisaidie kabla ya Jumapili. Anayeandika ni jirani yangu fundi viatu, mimi na kalamu hatujuani, na yeye anacheka badala ya kuandika, andika baba, hata hilo liandike.

Nilikuwa ugenini, ng'ambo, nimewatembelea rafiki zangu wawili, Mrefu na Pasi, Mrefu kwa urefu wake na Pasi kwa hasira zinazopata moto upesi, mimi wananiita Redio na sababu utaiona mwenyewe. Sote watatu tulikuwa madobi wa hospitali, chumba cha chini kabisa, mvuke mpaka kuta zinatoka jasho, mimi miaka thelathini na moja, wao waliondoka katikati wakaenda kufua kwenye mahoteli ya huko nje wakabaki hukohuko, na kila mwaka wananiambia njoo, njoo, mpaka juzi wakanitumia tiketi nikaenda. Ya ndege nayaacha, nitakuchosha, ila yule binti wa ndegeni blanketi alilikunja vibaya nikalikunja upya.

Jumamosi jua linazama wakanivalisha gauni la Pasi, akanipaka rangi ya mdomo nikafuta, akapaka tena, tukaenda kwenye ukumbi wa dansi ulio juu ya gereji, unapanda ngazi za chuma, chini wanagonga magari, juu wanapiga muziki. Usifikiri ni vijana, ni watu wazima wenzetu, bendi yenyewe wazee wanne na mpiga saksafoni akimaliza wimbo anakaa kwanza apate pumzi. Watu wanacheza wawiliwawili kwa adabu, na rafiki zangu wanajulikana pale, wanaitwa mezani huku na kule, nikaona fahari, maana nilizoea kuwaona wamefunga vitambaa kichwani na mikono imechubuka kwa sabuni. Mimi nikakaa kulinda mikoba.

Sasa ukapigwa wimbo mmoja, mshauri, mapigo yake ni yaleyale ya mashine yetu kubwa ya kufulia, du-du-taa, du-du-taa, tukatazamana watatu. Mrefu akavuta kitambaa cha meza akanipa ncha mbili. Miguu ikaenda yenyewe. Hatua tatu nyuma, vuta, kung'uta, hatua tatu mbele, ncha kwa ncha, yeye anaachia mimi naokota chini, tena nyuma, vuta, na Pasi katikati anapokea kilichokunjwa kama zamani. Shuka halikunjwi na mtu mmoja, likikunjwa na mmoja linaburura chini, kwa hiyo miaka yote ile tulikuwa tunacheza bila kujua. Kufumba na kufumbua watu wamevua vitambaa meza zote, wamepanga mistari miwili wanatufuata, mzee mmoja akamfunika mkewe kabisa.

Mwenye ukumbi akaja na kipaza sauti akauliza hii ngoma ya kwenu inaitwaje. Ndipo nikakishika, Mrefu anatafsiri, nikasema hivi: "Hii si ngoma, ni kazi. Tulikuwa madobi wa hospitali, na hakuna mgonjwa aliyelalia shuka chafu mikononi mwetu." Walisimama wote, mshauri. Walipiga makofi mpaka gereji chini wakaacha kugonga.

Kumbe watu wanarekodi. Video ikafika nyumbani kabla yangu.

Hapo ndipo msiba. Mwanangu, wa pekee, ana ofisi kwenye kampuni ya bima, alipotaka kuoa aliwaambia wakwe zake kwamba mama yake ni nesi mstaafu. Mimi sikujua, nikaja kulisikia harusini, msemaji anatangaza mama wa bwana harusi, nesi aliyehudumu hospitalini miaka thelathini na moja, watu wakapiga makofi, na mimi nikainuka nikapunga mkono. Sikudanganya, niliinuka tu. Lakini ukiinuka umeshakubali. Tangu hapo mzazi mwenzangu, mama yake mke wa mwanangu, mwenye duka la vitambaa, mwanamke mwema sana, akawa ananiuliza mambo ya afya. Miezi miwili iliyopita alinionyesha mguu umevimba, nikamwambia auinue kwenye mto na aukande kwa maji ya chumvi. Ningemwambia nini?

Mwanangu amenipokea uwanja wa ndege kama aliyemeza ndimu na mbegu zake. Jumapili wakwe, ambao habari ya video imeshawafikia, wanakuja kula, na anataka niwaambie ile video ulikuwa utani, kwamba tulikuwa tunaigiza. Nikamkumbusha kwamba kalamu alizoandikia shuleni zilinunuliwa na mashuka. Akasema anajua, anashukuru, lakini ataonekana mwongo mbele ya mke wake. Halafu akaniuliza, sauti imekatika, "Mama, utaniokoa au utaniangusha?" Nikatoka kumwita fundi aniandikie barua hii.

Mshauri, simwoni mwanangu kuwa mbaya. Ninampenda. Lakini nimepigiwa makofi mara mbili maishani, mara moja kwa kazi isiyo yangu na mara moja kwa yangu, na nimeijua tofauti. Nikisema ni utani nimewakana Mrefu na Pasi, nimejikana na mimi. Nisiposema nampoteza huyu mmoja niliye naye. Nifanye... ngoja, naitwa. Mke wa mwanangu yuko mlangoni na simu, anasema mama yake anataka kuongea nami, mimi na si mwingine. Fundi, tia kwenye bahasha hivyohivyo. Nakwenda.

*

Mama Redio, shikamoo, na hongera. Nimesoma barua yako nimesimama. Sasa kaa nikugombeze.

Kosa lako halikuwa ukumbini. Kosa lako ni ule mguu. Mzazi mwenzako alikuamini, ukampa maji ya chumvi kwa kuogopa kusema "sijui". Mguu unaovimba unaweza kuwa moyo, unaweza kuwa figo, wewe na mimi hatujui, na ndiyo maana kuna waliosomea. Sijui alikuambia nini kwenye simu, lakini kama hujamtuma hospitali, mtume leo, usingoje Jumapili. Nenda naye.

Mwanao naye asikulize kwa swali lile. Hayuko majini. Ana aibu, na aibu haiui. Ametunga uongo akiwa kijana mwenye hofu ya kukataliwa, wengi wamefanya hivyo, lakini sasa anataka mama yake mzazi aubebe mgongoni uzeeni. Katalia hapo, kwa upole. Mwite Jumamosi, wawili tu, umwambie: sitasema ni utani, na wala sitakushitaki kwa wakwe zako, una usiku mmoja wa kumwambia mkeo mwenyewe. Mke aliyeolewa kwa mapenzi atakasirika siku mbili tatu. Akilisikia kwa mwingine atakasirika miaka.

Halafu acha kujidanganya kwamba utampoteza mwanao. Hutampoteza. Mtoto anayemuuliza mamaye swali huku sauti imekatika hajaenda popote.

Jumapili wakishanawa mikono, sema wewe kwanza. Sema ulikuwa dobi wa hospitali miaka thelathini na moja. Kwa kukubali sifa isiyo yako harusini, omba radhi. Kwa udobi usiombe radhi hata kidogo, wala usilainishe neno, wala usiseme "nilikuwa tu". Wakitaka kuiona video, waonyeshe. Ukimaliza, nyamaza uwaache waseme. Najua hilo litakushinda kuliko yote, lakini jaribu.