Kuku wa Usenge

Rosa, uko wapi?! Wacha kupika, kaa chini. Saumu wetu ametuchekesha hapa kwa chama chetu cha kina mama mpaka nimemwaga chai.

Unamkumbuka Nereah wa darasa la saba, mwaka wa tisini na mbili, aliyekuwa akimwita Saumu "Mbuta", yule samaki mkubwa wa ziwani, kwa sababu ya mdomo wake mpana? Kila siku ya shule Saumu alikuwa akiamka akitamani kubaki nyumbani. Mwalimu Ouma akamwambia, "Andika yote yanayokuuma. Hakuna atakayesoma."

Hakuna atakayesoma! Rosa!

Akaandika kwa daftari kuukuu kwamba Nereah amegeuka omena, wale dagaa wadogo, ameanikwa juu ya wavu kule ufukwe wa Usenge, na kuku mmoja mnene anamkaribia polepole. Moyo ukapoa, akalala vizuri. Asubuhi mama yake, yule wa mandazi pale sokoni Otonglo, akachana kurasa za daftari hilo kufungia wateja, kama kawaida yake.

Na nani alinunua mandazi? Nani?!

Nereah akaingia darasani na karatasi imelowa mafuta, jina lake likionekana wazi. Akaja moja kwa moja hadi dawati la Saumu. Nereah akainama, akanong'ona: "Ukurasa umeishia hapa. Huyo kuku alinila ama hakunila?"

Alinila ama hakunila! Mbavu zangu!

Saumu wetu, aliyekuwa haongei hata akikanyagwa, akamjibu: "Kuku bado anafikiria. Leo utaniita nani?"

Nereah akaikunja ile karatasi. "Saumu."