Dima Hakuwa Wetu

Baba yangu,

Jana mdogo wangu Kanana alikuja kunisalimia, na tukinywa chai akaniuliza, "Hivi mimi nililelewa na maziwa ya nani, Mama akiwa amefariki?" Nikamwambia angoje, kwanza nimalizane na wewe.

Alikuwa na miezi minne tulipomzika Mama. Uji aliutema wote, hata ule ulioupoza mwenyewe kwa kumimina kikombe hadi kikombe. Ulikuwa wakati wa vita vya serikali na shifta, na njia ya kutoka shambani kwetu kando ya mto kwenda Isiolo mjini haikupitwa ovyo. Ndipo Mzee Galgalo, yule Mborana ambaye zamani ulimruhusu kunywesha mifugo kwenye mtaro wetu, akaja na ng'ombe mwekundu na ndama wake jike.

"Salaam aleikum, Baba Kagendo. Mtoto anywe," akasema. "Sijakupa. Nimekuazima."

Kwao hiyo ni dabare: mwenye mifugo humpa aliyepungukiwa ng'ombe akamue, lakini ng'ombe na uzao wake hubaki wa mwenyewe. Ulinieleza mara mbili, maana ulijua nilivyo na tamaa. Jina la ng'ombe lilikuwa Dima, yaani mwekundu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini wewe mgeni wako ulimjengea nyumba. Kumfunga nje ilikuwa kumwita mwizi, kwa hiyo ukaegemeza banda kwenye ukuta wa jikoni, ukapanga mawe ya mtoni sakafuni ili mkojo uteremke nje na asilale kwenye tope akaumwa kiwele. Gogo ukalichonga likawa hori la kulishia. Ukajaza mabua na majani ya viazi vitamu, ukasimama kando na mikono kiunoni, umeridhika.

Dima akageuka akatupa mgongo. Alizoea kutembea kutwa akichagua nyasi zake, na chakula cha kuletewa hakukijua. Siku mbili hakula. Kiwele kikasinyaa, na Kanana akalia mpaka sauti ikamkauka. Nilimbeba mgongoni nikihisi anazidi kuwa mwepesi, na nikaogopa sana, Baba, ingawa sikukwambia.

Siku ya tatu ukaniita. Uliniita mama, kwa kuwa nimepewa jina la mama yako. "Mama, lete panga na kamba." Tukakata nyasi mtaroni, tukazifunga mafungu mafungu kwenye ua kuzunguka boma lote. Kisha ukamfungua Dima, ukatangulia polepole ukipiga mluzi, kana kwamba mnaelekea malishoni Kinna. Akafika fungu la kwanza, akanusa, akang'oa. Mkaenda la pili. Mlizunguka nyumba hiyo asubuhi nzima! Majirani wakasimama njiani wakacheka, wakasema yule Mmeru kufiwa kumempandia kichwani.

Mimi nilitaka ardhi inimeze. Wewe ukaniuliza tu, "Anakula ama hali?"

"Anakula."

"Basi funga nyasi, wacha wacheke."

Kila siku ulisogeza mafungu karibu zaidi na banda, hadi fungu la mwisho likawa ndani ya hori, naye akaingiza kichwa bila habari. Kanana akanenepa mashavu. Mimi nikawa mkataji wa majani, na mabua ya mavuno ukanifundisha kuyaanika na kuyapandisha juu ya dari yasubiri kiangazi. Dima akazaa jike la pili. Nilimpenda yule ng'ombe, na nilikupenda wewe ulivyomsemesha ukimkamua.

Wakati huo Galgalo na jamaa zake walikuwa wamekusanywa na serikali kambini Garbatulla, mifugo haina ruhusa ya kwenda mbali kutafuta malisho. Tukasikia ng'ombe wanakufa huko. Kisha habari zake zikakatika. Nitasema ukweli, Baba: nilifurahi. Nilijiambia asiporudi, Dima ni wetu. Mungu anisamehe.

Vita vilipoisha, mtu akasema amemwona Galgalo mjini Isiolo, mtaa wa Bulla Pesa, akibeba magunia ya watu. Dima alikuwa amebakiza wiki chache azae. Tulikuwa tunakunywa chai ya rangi tukingoja maziwa yake. Nawe ukaenda kumfungua, yeye na mitamba wake wawili.

"Baba, hajaja kumdai."

"Ndiyo sababu ninampeleka."

Nilishika kamba ya mtamba mmoja nikilia njia nzima. Tulimkuta amekaa nje ya chumba cha kupanga, amekonda, gunia tupu begani. Akamwita Dima kwa Kiborana, na Dima akamwendea. Mzee akaweka paji la uso kwenye shingo yake, akakaa hivyo muda mrefu. Hakuwa amebakiwa na hata ng'ombe mmoja. Wewe ukatazama pembeni ili asione kwamba umemwona.

Baadaye akauliza, "Na mtoto?"

"Anakimbia."

"Alhamdulillahi. Basi maziwa yalifika."

Tukarudi na kamba tupu. Kanana akaomba maziwa, ukampa chai ya rangi, akaisukuma. Hapo nikakununia. Siku tatu sikukujibu neno. Kila asubuhi ulisimama mlangoni ukaniuliza, "Umeamkaje, mama?" Nami nikageukia ukutani. Hukunigombeza. Siku ya nne nikaanza kuongea habari za kuni na maji, na salamu zile zikapita hivyo hivyo bila jibu, hadi ukazeeka, hadi tukakuzika.

Sasa nina miaka mingi kuliko uliyokuwa nayo siku ile. Kanana amerudi leo nikiandika haya, nami nimemweleza yote, hata ile furaha yangu mbaya. Alilia kidogo, kisha akacheka sana kuhusu mafungu ya nyasi. Ninajivunia wewe, Baba. Ningekwambia mapema kama si kiburi.

Nimeamka vizuri, Baba. Wewe umeamkaje?

Ni mimi binti yako mkubwa,
Kagendo