Maji Yaliyokataa Kuvuka

Kwako Baba Naomi, huko Rungwa,

Pokea salamu zangu. Hujambo wewe, na mizinga ya nyuki je? Huku mgodini, karibu na Shelui, binti yetu amejifungua salama mtoto wa kiume, kelele zake ni zako. Mimi mwili mzima, moyo ndio umechafuka. Barua mbili hukujibu. Wino umekwisha, au mkono ndio umekufa?

Sikiliza. Mkwe wetu alikuwa kwenye banda la injini ya umeme. Mzungu wake ana jambo moja, nimeliona dirishani kwa macho yangu, usiseme nimezeeka. Anaweka bilauri mbili za maji, zimegusana. Kila moja anatia waya wa umeme mkali, si huu wa taa, huo unaua ng'ombe. Kisha anazitenganisha polepole. Maji hayamwagiki. Yanatoka bilauri hii yanakwenda ile, yamening'inia hewani kama kamba, unene wa kidole, na chini yake hakuna kitu.

Mzungu alitaka kuwaonyesha wakubwa wake. Mambo yakienda vizuri, mkwe angepewa usimamizi wa injini. Lakini maji hayo si ya kisima, ni ya mvuke, yanakingwa tone kwa tone, hayataki chumvi hata chembe. Mkwe akayaleta nyumbani kwenye chupa kubwa, maana kazini wenzake wanayanywa.

Sasa mimi nani aliniambia? Kwa heshima ya ukwe, mkwe hasemi nami, wala mimi naye. Akiingia mlango huu, natokea ule. Naomi alikuwa bado kitandani. Mtoto ana vipele, na maji ya kisima cha huku yana chumvi, yanamchoma. Nikaona chupa ya maji matamu, nikamwogeshea siku tatu. Na kwa kuwa kwangu chombo hakikai kitupu, nikajaza ya kisima.

Siku ya wageni maji yakakataa kuvuka. Yalitokota, yakatoa cheche, bilauri ikapasuka mbele ya wakubwa. Mkwe akatolewa bandani. Sasa anasukuma mawe huko shimoni.

Naomi aliponieleza, nilimpakata mtoto nikakaa karibu na ukuta. Mkwe alikuwa upande wa pili, anakula.

"Mjukuu wangu, mwambie baba yako maji yale niliyamaliza mimi."

Nikasikia, "Mwanangu, mwambie bibi yako nilijua. Niliyaonja siku ileile, bilauri ilipopasuka."

"Mwulize basi, mbona hakumwambia Mzungu?"

"Mwambie bibi, mtu hamtaji mama mkwe wake mbele ya wageni. Nilisema nimekosea mimi."

Heshima gani hii, Baba Naomi? Inamshusha mwanamume shimoni, na mkosaji nipo hapa nakula ugali wake. Nikamwambia mtoto, "Baba yako mjinga." Halafu nikalia, sikufichi.

Kesho nakwenda bandani mwenyewe, karani atanitafsiria. Usihangaike kunizuia, ukisoma hapa nimeshasema. Wewe tuma asali, kibuyu kizuri, si ile ya chini yenye nyuki wafu. Si ya Mzungu, ni ya mkwe.

Msalimie dada yako anayenichungia mbuzi. Maziwa si yake peke yake. Msalimie na mwalimu wa dini aliyenifundisha kuandika. Herufi zikipinda, lawama ni zake.

Lawama za maji ni zangu.

Mkeo,
Mama Naomi